Maji ya Hiyo Maziwa Iko Wapi?

Kopo la maziwa ya unga, nyumbani kwetu Mabanga, mtaa wa mji wa Goma mashariki ya Kongo, lilikaa juu ya kabati la mama pamoja na hati za kiwanja. Lilishuka kwa sababu tatu tu: mtoto aliyeachishwa ziwa, mgonjwa anayekataa chakula, na mgeni wa kanisani. Sisi wengine tulikunywa maziwa ya Masisi, yale yanayoteremka kwa pikipiki ndani ya bidoni za njano, na mama aliyachemsha mara mbili kwa sababu hakumwamini mwenye pikipiki. Basi tuliiba. Kijiko kimoja kikavu mdomoni, unga unang'ang'ania kaakaa kama gundi, na ukiitwa huwezi kuitika. Ndivyo mama alivyotukamata. Aliita majina yetu moja moja, akasikiliza nani amenyamaza.

Kwa hiyo ukiona leo nazungumza juu ya maziwa ya unga kama fundi, ujue nilianza kama mwizi.

Mwaka 2019 Hifadhi ya Virunga ilifungua tena milango kwa wageni, baada ya kufungwa tangu katikati ya 2018. Tulikuwa vijana watano wa Goma wenye aibu moja: mlima unaowaka mwekundu juu ya mabati yetu kila usiku, tumewaachia wazungu waupande. Tukachangishana, tukapanga mwezi wa nane, wakati mvua ziko mbali. Kupanda Nyiragongo ni kulala huko huko. Unaanzia Kibati, chini kidogo ya mita 2,000, unatembea kama kilomita 8, na jioni uko kwenye ukingo wa volkano, mita 3,470, penye vibanda vya kulala na upepo usio na adabu. Chakula unakibeba mwenyewe au unamlipa mtu akubebee. Mimi nikapewa chai na uji.

Nikaanza kusoma. Kumbe huko Marekani kuna watu wanaotembea miezi mitano au sita na begi mgongoni, kwenye njia kama Appalachian Trail yenye urefu wa kilomita 3,500 hivi, na wamegeuza uzito kuwa dini. Wanakata mpini wa mswaki ili wapunguze gramu tatu. Kwa watu wa namna hiyo maziwa ya unga ni chakula cha heshima, lakini maduka yao mengi huuza yaliyotolewa mafuta. Yenye mafuta wanayatafuta kwenye rafu za vyakula vya watu wa Amerika ya Kusini, na kopo wanalosifiana ni Nido. Nilicheka peke yangu. Kopo la juu ya kabati la mama! Wamarekani wanahangaika nalo kama sisi tulivyohangaika nalo, ila wao hawachapwi.

Hesabu yao ilinivutia. Lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo moja na kidogo, na sehemu 87 kati ya 100 ni maji matupu. Kiwandani wanayachemshia kwanza kwenye mashine isiyo na hewa mpaka yawe mazito, kisha wanayanyunyiza ndani ya mnara wenye hewa ya moto. Kila tone linakauka kabla halijagusa chini. Kinachobaki ni gramu 130 hivi kwa lita, na nguvu ni ile ile, kalori zaidi ya 600. Nikachukua kalamu. Watu watano, chai ya jioni, uji wa asubuhi, kikombe cha kulalia: lita tatu. Kilo tatu za maziwa dhidi ya gramu 400 za unga. Nikawatangazia wenzangu kwamba nimewaokolea kilo mbili na nusu, na kwamba wanaweza kunishukuru wakifika juu.

Kwenye kituo kimoja cha kupumzika, pale msitu unapoisha na mawe ya lava ya 2002 yanapoanza kucheza chini ya kiatu, nikarudia hotuba hiyo kwa sauti kubwa. Muzee aliyekuwa akitubebea mizigo, mtu wa Kibati aliyepanda mlima huo mara nyingi kuliko mimi nilivyopanda ngazi za ghorofa, alikuwa amekaa juu ya jiwe. Akauliza, bila kucheka:

“Sasa kijana, maji ya hiyo maziwa iko wapi?”

Ngoja nieleze kwa nini swali hilo lilinikata maini. Nyiragongo haina kijito. Lava imejaa matundu na nyufa, mvua ikinyesha inazama chini, haikai. Goma yenyewe imejengwa juu ya lava hiyo hiyo: mji umelala kando ya ziwa, na bado hauna mto hata mmoja, na mtu wa Mabanga anajua bei ya bidoni ya lita 20 kabla hajajua bei ya mkate. Kule mlimani kila tone unalokunywa umelipandisha wewe. Tulikuwa tumeambiwa tubebe lita tatu kila mmoja za kunywa, na tulibeba. Za kugeuza unga kuwa maziwa hakuna aliyezibeba, kwa kuwa fundi wa hesabu alikuwa ameziondoa kwenye karatasi na kuzisahau.

Ushauri wote niliousoma ulikuwa umejengwa juu ya vijito. Mmarekani anabeba unga mkavu kwa sababu jioni atapiga kambi kando ya maji, atayachuja, atachanganya. Kilo alizookoa anazichota bure. Huko milima ya Ruwenzori, ambako watu wanasema maji yanakufuata mpaka ndani ya viatu, hesabu yake ni halali. Kwetu pale nilikuwa sijaokoa kitu.

Tulifika juu tukiwa na lita nne na nusu kwa watu watano, za usiku huo, za asubuhi na za kuteremka. Ziwa la moto likichemka chini yetu, jekundu, likinguruma kama lori linalopanda mlima wa Sake, na sisi tumejikunja ndani ya mablanketi tunagawana maji kwa kifuniko. Nilipendekeza tusinywe chai. Hakuna aliyenijibu.

Aliyetuokoa ni sosoma. Kwa asiyeijua, ni unga wa uji wenye soya, mtama na mahindi, na uji huo ulikuwa na maji yake tayari. Tulikuwa tumeshakubali kuyatumia. Nilipouepua nikamwagia unga wa maziwa mkavu, vijiko viwili vilivyojaa kwa kila mtu, nikakoroga haraka. Hakuna tone lililoongezwa. Uji ukawa mzito, mweupe, wenye mafuta, na ulibaki tumboni mpaka saa nne ya asubuhi tukiwa tumeshateremka nusu ya mlima. Muzee alikubali bakuli, akalamba kijiko, akasema: “Hapa sawa.”

Tangu siku ile nina neno moja la kumwambia mtu anayepanda mlima usio na maji: maziwa ya unga usiyarudishe kuwa maziwa. Yaache yawe unga. Yatie kama unavyotia karanga zilizotwangwa, ndani ya kitu ambacho kingekunywa maji hata bila hayo maziwa. Ukiyafanya kinywaji, umejitwika mzigo wa maji upya.

Kinywaji kina hatari nyingine ambayo mwenzetu mmoja aliigundua usiku ule. Kukausha maziwa hakuondoi sukari yake, laktosi, na watu wazima wengi wa kwetu tumbo lao haliiwezi kwa wingi. Nyumbani tunaponea maziwa yaliyoganda, mashanza kama wanavyoyaita ndugu zetu wa Bukavu, kwa sababu vile vijidudu vya kugandisha vimeshakula sehemu ya hiyo sukari. Mwenzetu alijikorogea kwa siri vikombe viwili vya maziwa mazito ya huo unga, akisema ni dawa ya baridi. Sitaeleza zaidi. Nitasema tu kwamba choo cha kule juu kiko mbali na kibanda, na upepo nimeshautaja.

Baada ya hapo nikawa na wazimu. Nilinunua mizani ndogo ya jikoni, nikaanza kupima kila kitu, na yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ambaye ni mwuguzi na hana muda wa mchezo, akawaambia majirani kwamba mdogo wake sasa anauza dhahabu.

Kwanza ni lazima ujue unanunua nini. Birere, mtaa wetu wa biashara pale Goma, wanauza unga kwa kijiko, kwenye sashe zilizofungwa kwa mkono, na muuzaji atakuapia kwa jina la Mungu kwamba ni ule ule wa kopo. Labda. Lakini kuna maziwa yenye mafuta yake ya asili, ambayo gramu 100 zina kalori karibu 500. Kuna yaliyotolewa mafuta, yenye kalori 360 hivi, karibu sawa na unga wa mahindi. Na kuna yale ambayo mafuta ya ng'ombe yameondolewa yakawekwa ya mimea. Haya ya mwisho yana nguvu ya kutosha mlimani, siyasemi vibaya, ila ladha yake kwenye uji inanikumbusha mshumaa. Kwenye sashe isiyo na maandishi hujui uko wapi kati ya hayo matatu. Kwa hiyo ninanunua iliyofungwa kiwandani, ninasoma nyuma, ninatafuta neno moja: mafuta ya nini.

Kwa uaminifu, kama unatafuta nguvu tu, karanga zinayashinda. Gramu 100 za karanga zinapita kalori 560, hazihitaji kopo, na mama wa sokoni anakuongezea kiganja. Lakini kule juu hamu ya chakula inakimbia. Kichwa kinagonga, meno yanagongana, na kutafuna karanga kunakuwa kazi ya ofisini. Kitu cha moto, kitamu, kinachoteremka chenyewe, ndicho mwili unakubali. Mimi nabeba vyote viwili na sigombani na mtu.

Mabonge ndiyo yalinisumbua muda mrefu. Unga wenye mafuta hauogi kwa urahisi: maji yakiukuta umerundikana, tabaka la nje linalowa na kuwa gamba, na ndani unga unabaki mkavu kama alivyouumba mnyunyizaji. Maji yanayotokota yanazidisha. Viwanda vingine vinashikamanisha punje na kuzipaka lesithini ili zizame zenyewe, ndiyo ile inayoandikwa kwamba inayeyuka papo hapo. Nyingi za kwetu haziko hivyo. Dawa ya nyumbani ni sukari. Changanya unga na sukari vikiwa vikavu, nyumbani, kabla ya safari. Punje za sukari zinatenganisha punje za maziwa na maji yanapata njia. Kama huli sukari, anza na maji kidogo ya uvuguvugu, ponda mpaka iwe kama dawa ya meno, ndipo uongeze.

Halafu kuungua. Nilipoteza sufuria mbili. Maziwa yakitangulia motoni yanakaa chini, sukari yake na protini yake vinashikana, chini panakuwa kahawia na uji wote unanuka moshi. Na mlimani, pasipo maji, sufuria iliyoungua huioshi, unarudi nayo nyumbani kama ushahidi. Kwa hiyo moto kwanza, maziwa mwisho, baada ya kuepua. Juu kule maji yenyewe yanachemka kwenye nyuzi 89 hivi badala ya 100, kwa hiyo unga wa uji nao unachelewa kuiva. Mimi naukaanga sosoma kavu nyumbani kwenye kikaango, juu ya babula yenye makaa yaliyotulia, mpaka harufu ya karanga itoke. Ukishakaangwa, unaiva ukingoni mwa volkano kwa dakika chache.

Pakiti yangu ya mtu mmoja ikawa hii: sosoma iliyokaangwa gramu 80, maziwa yenye mafuta 30, sukari 15, chumvi ya kubana kwa vidole. Jumla gramu 125 na kitu, kalori kama 500, na maji chini ya nusu lita. Sosoma na chumvi kwenye mfuko mmoja, maziwa na sukari kwenye mfuko mdogo ndani yake. Nikafanya na mchele pia. Unaupika kawaida, unautandaza kwenye sinia chini ya chandarua, jua la kiangazi siku mbili, unakuwa kama changarawe. Mlimani unaumwagia maji ya moto, unafunika ndani ya blanketi robo saa, kisha maziwa na sukari. Niliwahi kujaribu pia supu ya sambaza kavu, vile visamaki vidogo vya ziwani, niliyoitia maziwa. Yaya alionja, akaweka kijiko chini taratibu, akaniuliza kama nimepata usingizi wiki hiyo.

Mwezi wa pili wa 2020 tulipanda tena, na safari hiyo hakuna aliyegawa maji kwa kifuniko. Sina mengi ya kusimulia juu yake. Safari nzuri haina habari. Mwezi uliofuata hifadhi ikafungwa kwa ajili ya korona.

Pakiti kumi na mbili zilibaki kwenye begi, nyuma ya mlango.

Tarehe 22 Mei 2021, jumamosi jioni, mlima ukateremka kwetu. Lava ilisimama kabla ya kufika Mabanga. Halafu ardhi ikatetemeka siku baada ya siku, kuta zikapasuka, na alfajiri ya tarehe 27 ikatangazwa redioni kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihame mara moja. Mabanga ilikuwemo. Wengine walielekea mpaka wa Rwanda, wengine bandarini kupanda boti za Bukavu, sisi tukashika njia ya Sake, kama kilomita 25, pamoja na nusu ya mji. Magodoro juu ya pikipiki, bibi juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, mbuzi. Mama alibeba hati za kiwanja. Mimi nilibeba begi kwa sababu lilikuwa nyuma ya mlango, na sikukumbuka kilichomo mpaka jioni, tulipokaa barazani pa shule na mtoto mkubwa wa yaya akaanza kulilia chakula.

Sake nako swali lilikuwa lile lile la muzee. Unga ulikuwepo. Maji yalikuwa ya kuchota popote, watu wengi mno, na kila mtu aliogopa kipindupindu. Yaya alikataa chochote kisichochemka. Tulipanga mawe matatu, tukachemsha maji yakatokota vizuri, tukapika. Pakiti moja tuligawa kwa watoto wawili.

Mwanamke aliyekaa jirani yetu aliona mfuko mweupe. Alikuwa na kichanga cha miezi miwili hivi, na alisema hajala tangu asubuhi na maziwa yake yanakauka. Akaomba kijiko kimoja amkorogee mtoto. Nilikuwa nimeshafungua mfuko. Yaya akanishika mkono.

“Hapana. Hii haiko ya mutoto wa hivyo.”

Alimweleza polepole, kwa sauti ya zahanati. Maziwa ya kopo la kawaida hayafai mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Hata yale ya watoto wachanga, unga wake una vijidudu vyake, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri yachanganywe na maji yasiyopungua nyuzi 70. Na kikombe, na kijiko, hapo barazani tungevisafisha na nini? Kisha akachukua pakiti mbili kutoka mkononi mwangu, akapika uji mzito kuliko wote tuliopika siku hiyo, akamwekea yule mama mbele yake na kukaa kando mpaka bakuli likaisha.

“Kula weye, mama. Mutoto atakunywa kwako.”

Usiku yule mtoto alinyonya. Nilisikia, kwa sababu hakuna aliyelala.

Tulirudi Mabanga mwezi wa sita. Ukuta mmoja ulikuwa na ufa ninaoweza kuingiza mkono, mengine yalikuwa salama. Nyiragongo sijaupanda tena. Baada ya mlipuko ikaja vita, na njia ya Kibati si ya kwenda na kijiko na mizani. Lakini begi liko pale pale nyuma ya mlango, pakiti kumi na mbili, na sasa pembeni yake kuna bidoni ya lita tano za maji yaliyochemshwa, ambayo mama huyabadilisha kila jumapili.

Unga nao haudumu milele. Ukishafunguliwa unavuta unyevu wa hewa, na msimu wa mvua Goma hata chumvi inalia. Unaganda, unakuwa wa njano, mafuta yake yanaoza na kutoa harufu ya mawese yaliyosahauliwa. Wenye mafuta ndio unaowahi kuharibika. Uliotolewa mafuta unavumilia zaidi, ni sifa yake moja. Mimi nafunga mara mbili, natoa hewa yote kwa kiganja, sitii kijiko chenye unyevu, na kila miezi mitatu naondoa pakiti zote, za zamani tunakunywa na chai, natengeneza mpya.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya kubadilisha. Nikapima kila mfuko mdogo kama kawaida yangu. Mfuko wa nane ulikuwa pungufu kwa gramu 15. Wa tisa pia. Wa kumi, wa kumi na moja, kila mmoja gramu 15 kamili, na fundo limefungwa upya vizuri kuliko nilivyolifunga mimi.

Nikamwita yaya kutoka chumbani. Hakuitika.